Lazaro wa Mtaroni

Miezi saba baada ya mtaro kubomoka, Fundi alikuwa bado hajajua Mungu alimbakiza kwa ajili ya kazi gani, na nyumbani kwake watu walikuwa wameanza kuchoka kusubiri.

Alikuwa fundi bomba kwa miaka kumi na tisa. Siku ya ajali walikuwa wanne, wakilaza bomba la majitaka kwenye kina cha urefu wa watu wawili, katika udongo uliokuwa umenyeshewa siku mbili mfululizo. Yeye akapanda juu. Dakika chache baadaye ukuta mmoja wa mtaro ulianguka, wa pili ukafuata, na wenzake watatu wakafukiwa: Mrefu, Mwalimu, ambaye kweli aliwahi kufundisha, na Bubu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuwahi kunyamaza. Walitolewa jioni. Walizikwa wiki hiyo hiyo, na kwenye kila mazishi alikuwepo mtu wa kumshika Fundi bega na kumwambia kwamba Mungu hakumwacha hivi hivi, ana kusudi naye.

Mwanzoni alisema tu kwamba alipanda. Watu walimwuliza kwa nini, akasema alijisikia kupanda. Jumapili ya kwanza kanisani, Mchungaji alimwuliza mbele ya watu kama alichojisikia kilikuwa kama msukumo wa ndani, na Fundi, ambaye alikuwa hajalala vizuri siku nne, akasema ndiyo, kama msukumo. Jumapili ya tatu, katika kanisa la jirani, msukumo ulikuwa umeshakuwa mnong'ono. Kufikia mwezi wa pili ilikuwa sauti kamili, iliyomwita kwa jina lake. Hakuwahi kukaa chini akapanga uongo. Kila aliposimulia, nyuso za watu zilimwonyesha pa kuongezea, naye akaongeza.

Vijana wa kijiweni walimwita Lazaro. Akipita walimwuliza kama huko alikotoka vitanda vinapatikana. Yeye alitabasamu akaendelea na safari, kwa kuwa aliona kudhihakiwa ni sehemu ya wito.

Kampuni ilimwita kazini mara mbili. Mara zote mbili alijibu kwamba anangoja maelekezo. Msimamizi alidhani anazungumzia maelekezo ya daktari, akamtakia afya njema.

Maelekezo hayakuja, kwa hiyo akayatafuta. Alijaribu kuhubiri sokoni. Alisimama karibu na wauza nyanya na alianza vizuri, lakini mama mmoja akamwomba asogee kidogo, anazuia wateja. Aliposogea akawa anamzibia mwingine, na kwa kusogezwa hivyo hivyo mahubiri yakaishia karibu na choo cha soko. Alijaribu kutembelea wagonjwa. Katika wodi ya wanaume alimwombea mzee mmoja kwa muda mrefu, macho yamefumbwa, na alipoyafumbua akakuta mzee amelala na ndugu zake wamesimama na vyombo vya chakula mikononi, wakingoja awaachie kiti. Alijaribu kwaya pia. Mwalimu wa kwaya alimsikiliza beti mbili, akamwambia kwa upole kwamba huduma katika nyumba ya Bwana ni nyingi.

Wakati huo wote nyumba iliendeshwa na mke wake, aliyefua mashuka katika nyumba ya wageni, vyumba ishirini na viwili, kila siku isipokuwa Jumapili. Alirudi jioni vidole vimekunjamana na mgongo unamuuma, akapika, akala, akalala. Hakulalamika. Alikuwa mtu wa imani kweli, na aliogopa kugombana na jambo lililotoka kwa Mungu. Siku moja binti yao, aliyekuwa kidato cha pili, alimletea fomu ya shule aisaini. Kwenye nafasi ya kazi ya baba, binti alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri: "Anasubiri." Mama alimwuliza kama ule ni utani. Binti alisema si utani, hakujua aandike nini. Mama akaisaini fomu ikiwa hivyo hivyo.

Kisha Mchungaji akaleta habari njema. Kutakuwa na mkutano wa makanisa yote ya eneo lile. Fundi atatoa ushuhuda wake, na baada ya ushuhuda atawekewa mikono awe mwinjilisti. Ilikuwa nafasi ya kudumu, yenye posho ndogo na chumba cha ofisi chenye meza. Mke alipiga magoti palepale sebuleni akamshukuru Mungu, kisha akaenda kuazima suti kwa kaka yake. Kaka yake alikuwa mtu wa tumbo na mabega. Fundi alipolijaribu koti, mikono ilifika kwenye ncha za vidole, na mke akakubaliwa kulipunguza kwa sindano kwa sharti kwamba Jumatatu atazifumua nyuzi zote.

Alhamisi alasiri, siku tatu kabla ya mkutano, mjane wa Mrefu alibisha hodi.

Alikuwa msusi, mwanamke mwembamba aliyezoea kusimama, na hata alipokaribishwa alikaa kwenye ukingo wa kiti. Fundi hakuwa amekwenda kwake tangu mazishi. Alimwuliza habari za watoto, akaambiwa hawajambo. Mke alileta maji, akarudi jikoni. Mjane akayashika yale maji bila kuyanywa. Alisema mteja mmoja alimsimulia ushuhuda wa Fundi, na mwezi uliopita aliamua kwenda mwenyewe kuusikia. Alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

"Sikuja kugombana, shemeji," alisema. "Nina swali moja tu. Ile sauti ilisema 'panda', au ilisema 'pandeni'?"

Fundi hakumwelewa, na mjane akamfafanulia taratibu, hesabu ambayo alishaifanya kichwani mara nyingi. Kama sauti ilisema pandeni, basi mume wake aliisikia akaipuuza. Mume wake alikuwa mbishi, hilo anaweza kuliamini. Atamkasirikia, lakini atakuwa amejua. Kama ilisema panda, basi Mungu aliwaangalia watu wanne mle shimoni akamchukua mmoja, na watatu akawaona akawaacha.

"Nina watoto watatu," alisema. "Mkubwa ananiuliza baba alikosa nini. Nataka nijue nimjibu lipi."

Fundi alianza kusema kwamba njia za Mungu ni za ndani sana na akili ya mwanadamu haiwezi. Alikuwa ameyasema maneno hayo katika makanisa tisa. Safari hii aliyaacha katikati. Akamwomba mjane ampe siku mbili. Mjane alijibu kwamba ameshangoja miezi saba, siku mbili haziwezi kumshinda. Akaweka glasi chini, akamuaga mke wa Fundi kupitia mlango wa jikoni, akaenda zake.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na jiko, na jikoni kila kitu kilisikika. Mke alitoka na koti la kaka yake mkononi, sindano ikining'inia kwenye uzi.

"Ilisema nini?" aliuliza.

"Haikusema."

"Haikusema nini?"

"Hakukuwa na sauti," Fundi alisema. "Nilibanwa na mkojo."

Mke alikaa kwenye kiti alichotoka mjane. Akauliza kama Mchungaji anajua. Fundi alisema hakuna anayejua. Mke hakupandisha sauti. Alisema kwamba miezi saba yote amefua mashuka ya watu huku akiishukuru ile sauti, na kwamba alikuwa akiogopa kumwomba mumewe hata aende dukani, asije akamtoa kwenye maelekezo. Alipofika hapo akakata uzi kwa meno, akalikunja koti vizuri, akaliweka mezani.

"Basi nenda," alisema.

"Wapi?"

"Anza popote unapotaka. Lakini umalizie kwa yule mama."

Fundi alianza kwa Mchungaji. Alimkuta nyuma ya kanisa akipaka rangi mabenchi ya mkutano, suruali amekunja hadi magotini. Hakuwa mtu mbaya. Kanisa lake lilikuwa dogo, paa lake lilivuja, na katika miaka kumi na moja pale, ushuhuda wa Fundi ndilo jambo pekee lililowahi kuwafanya watu wa makanisa makubwa waulize njia ya kufika kwake.

Fundi alimweleza yote akiwa amesimama. Mchungaji aliendelea kupaka mpaka ubao ulipoisha, ndipo akaweka brashi juu ya kopo. Alitaka kujua kama Fundi ana hakika, maana mshtuko huweza kumvuruga mtu kumbukumbu. Fundi alisema jambo la namna ile mtu hakosei.

"Sawa," Mchungaji alisema. "Na aliyekufanya ubanwe na mkojo saa ile ni nani?"

Fundi alikuwa amelifikiria hilo njiani. "Hata wao walikuwa na vibofu, Mchungaji. Mrefu alikunywa chai nyingi kuliko mimi."

Mchungaji alikaa kwenye upande wa benchi ambao haujapakwa. Alisema tangu ushuhuda uanze, watu kumi na wanne waliokuwa wameacha kanisa wamerudi, na anawajua mmoja mmoja. Awaambie nini sasa? Alisema wageni wameshaalikwa. Akashauri Fundi aseme tu kwamba alipanda, bila kutaja sababu, huo hautakuwa uongo. Mengine watayazungumza baada ya mkutano wakiwa wametulia. Fundi hakubishana. Alimweleza swali la mjane. Mchungaji aliyarudia yale maneno mawili kwa sauti ya chini, panda, pandeni, mfano wa mtu anayejaribu funguo mbili kwenye kitasa kimoja. Kisha akasema lazima amalize benchi kabla brashi haijakauka.

Ijumaa asubuhi Fundi alikwenda kwenye kibanda cha mjane. Ndani mlikuwa na viti viwili, kioo, na mteja mmoja, mwanamke wa makamo, nusu ya kichwa imesukwa na nusu nywele zimesimama. Fundi alisema atangoja nje. Mjane alimwambia kichwa hicho kina saa tatu mbele yake, kama ana neno aliseme. Mteja akakaza macho kwenye kioo, akajitahidi kuwa kama hayupo.

"Hakukuwa na sauti, shemeji. Nilipanda kukojoa."

Vidole vya mjane vikasimama. "Kukojoa."

"Ndiyo."

"Na yale yote uliyosema kanisani?"

"Niliongeza. Naomba unisamehe."

Mjane alisuka mstari mzima, kutoka kwenye paji hadi kisogoni. Alikuwa akivuta nywele kwa nguvu kuliko kawaida, lakini mteja alivumilia. Fundi alibaki mlangoni, kofia mkononi, na watu waliopita njiani walimtazama wakidhani kaja kuomba kazi.

"Alisema nini?" mjane aliuliza hatimaye. "Mume wangu. Wakati unapanda. Hakuwa mtu wa kumwacha mtu aondoke bila kumtupia neno."

Hilo hakuna aliyewahi kumwuliza Fundi. Makanisa tisa yalitaka kujua Mungu alisema nini; Mrefu hakuulizwa. Ilimbidi arudi kwenye ile ngazi. Alikumbuka ameishika kwa mikono miwili, na chini yake Mrefu alikuwa ameinama anafuta mdomo wa bomba kwa kitambaa.

"Alisema nisikojoe pale pa siku zote, pale ukingoni," Fundi alisema, na alikuwa anayasikia mwenyewe huku anayasema. "Upepo unawaletea wao. Alisema, 'Nenda mbali, bwana. Nenda kule kwenye mabomba.' Bubu naye akaongezea lake, wakacheka wote."

"Ukaenda?"

"Nilienda. Nilikuwa kule nyuma ya rundo la mabomba niliposikia kishindo."

"Na pale pa siku zote?"

"Palianguka. Ukingo wote uliingia chini."

Mjane aliachia nywele. Alianza kucheka, bila sauti kwanza, mabega tu, kisha sauti ikatoka na haikuwa kicheko tena. Mteja aliinuka na nusu ya kichwa chake, akamkalisha kwenye kiti alichokuwa amekalia yeye, akasimama nyuma yake akimshika mabega.

"Nenda mbali," mjane alisema. "Ndivyo alivyo. Hata nyumbani akiwa anakula, mtoto akipiga chafya, nenda mbali. Mimi nikikaanga kitu, nenda mbali na moshi wako." Alijifuta kwa kanga, akalirudia tena neno hilo taratibu. Miezi saba watu walikuwa wamemletea habari za Mungu. Hii ilikuwa habari ya kwanza aliyoletewa ya mume wake.

Alipotulia, aliuliza jambo la pili, kwa sauti tofauti, kavu. Mumewe alimwambia nyumbani kwamba ataomba mbao za kuzuia kuta za mtaro. Je, aliomba? Kampuni iliwaandikia wajane kwamba hakuna mfanyakazi aliyelalamika, kwamba ile ilikuwa ajali isiyozuilika na mapenzi ya Mungu. Walipopeleka shauri ofisi ya kazi, waliambiwa faili lao halina shahidi.

"Aliomba," Fundi alisema. "Jumatatu, na tena Jumatano. Msimamizi alisema mbao ziko kwenye kazi nyingine, na bomba lazima liishe wiki ile. Akatugeukia, akauliza nani mwingine anaogopa."

"Ninyi mkasemaje?"

"Tulinyamaza. Mimi ndiye niliyekuwa wa zamani kuliko wote, na mimi ningesema angesikiliza. Nilinyamaza, nikashuka wa kwanza."

Mjane alijifunga kanga vizuri. Hakumwambia amemsamehe, wala hakumwambia aondoke.

"Sasa si ndiye huyu shahidi?" mteja aliuliza, akiwa hajui amwulize nani.

Jumapili Fundi alivaa suti ya shemeji yake na akasimama mbele ya makanisa saba. Alizungumza kwa dakika tatu. Alisema walikuwa wanne, akataja kilichomfanya apande, akakitaja kwa jina lake. Watu wa mbele walidhani hawakusikia vizuri. Vijana wa nyuma walicheka, na wazee wakakohoa. Alisema hakusikia sauti ya Mungu. Alisikia ya Mrefu, ikimtania. Alisema wenzake hawakukataa wito wowote na hawakukosa chochote, na yeye hakuwapita kwa lolote. Akaomba msamaha, akashuka, na kwaya ikaanza wimbo kabla hajafika kwenye nafasi yake.

Hakuwekewa mikono. Mchungaji aliendesha ibada hadi mwisho bila kumtazama. Wakati wa kutoka, mwanamke mmoja wa kanisa jingine alimwambia mke wa Fundi kwamba shetani amemshinda mume wake pabaya, na mke akamjibu, asante. Kaka wa mke alimngoja Fundi nje achukue koti lake saa ile ile, na ilibidi Fundi avue koti barabarani. Binti alilipokea, akamkabidhi mjomba wake, kisha akatembea kando ya baba yake mpaka nyumbani. Miezi mingi alikuwa akitangulia.

Jumatano asubuhi Fundi alikuwa kwenye benchi la ofisi ya kazi, akingoja kuitwa. Watu walikuwa wengi. Mchungaji aliingia akiwa na shati la kawaida, akaangaza macho, akaja akakaa karibu naye. Fundi alidhani ametumwa na wazee wa kanisa. Mchungaji alisema hajatumwa na mtu, mke wa Fundi alimwambia yuko hapa, naye amekuja kukaa.

Walikaa karibu saa nzima. Karani aliita majina ya wengine.

"Nilikuwa nakutafutia jambo kubwa," Mchungaji alisema.

Fundi alijibu kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyelitaka. Alisema alipokuwa akiwaona wake wa wenzake mazishini alijisikia kama mwizi, na watu walipomwambia ana kusudi alilishika, kwa sababu mtu mwenye kusudi angalau ana haki ya kuwa hai.

Mchungaji alikubali kwa kichwa. Alisema tangu Jumapili amekuwa akifikiria Bwana alivyosimamishwa mbele ya liwali na kuulizwa yeye ni nani hasa, akajibu kwamba alikuja duniani ili aishuhudie kweli. "Nimelihubiri hilo sijui mara ngapi," alisema. "Sikuwahi kufikiri kwamba aliyasema hayo mahali kama hapa. Kwenye ofisi. Kwa mtu mwenye kazi nyingi."

Jina la Fundi likaitwa. Ofisa alikuwa mwanamke kijana mwenye mafua, na mezani kwake mafaili yalikuwa yamemfunika hadi kifuani. Aliuliza jina, umri, kazi. Fundi alisema ni fundi bomba.

"Siku ya tukio ulitoka mtaroni kwa sababu gani?"

"Kukojoa."

Ofisa aliandika bila kuinua kichwa. "Endelea."

Fundi aliendelea. Alieleza udongo ulikuwa wa namna gani, ulirundikwa wapi, mvua ilinyesha lini. Alieleza Mrefu alivyoomba mbao na alivyojibiwa, kwa maneno yale yale, na alipofika kwenye kimya chake mwenyewe alikieleza pia, ingawa hakuna aliyemwuliza. Ilichukua saa mbili. Ofisa alipomsomea maelezo, Fundi alimrekebisha mahali pamoja: Mrefu aliomba mara mbili, si mara moja. Ofisa akasahihisha, Fundi akatia saini.

Kampuni ilikana, kisha, miezi mitano baadaye, ikalipa wajane wote watatu kabla shauri halijafika mahakamani. Msimamizi hakufukuzwa, alihamishwa. Kati ya wale watu kumi na wanne waliorudi kanisani, wanane waliondoka tena na sita wakabaki, na Mchungaji akaacha kuwahesabu. Mjane wa Mrefu hakuwa rafiki wa nyumba ile. Lakini mtoto wake mkubwa alikuja siku moja, akakaa na Fundi uani, akataka aambiwe yale maneno ya baba yake, na Fundi akamwambia yote, pamoja na lile la Bubu, ambalo halikuwa la kanisani.

Hayo yalikuja baadaye. Jumatano ile Fundi alirudi nyumbani saa kumi jioni. Mke wake alikuwa ametangulia kufika, amekaa mlangoni, miguu ameinyoosha. Alimwuliza kama wameandika kila kitu.

"Kila kitu."

"Hata kile?"

"Hata kile. Kiko ukurasa wa kwanza."

Mke alicheka mpaka akashika kiuno. Binti aliyekuwa akisoma ndani akauliza kuna nini, wakamwambia asome. Baadaye Fundi alisema amesikia kuna watu wanachimba mtaro nyuma ya hospitali, si kampuni, ni mafundi tu waliojikusanya, na wanatafuta mtu anayejua kulaza bomba. Anataka kwenda kesho.

"Wana mbao?" mke aliuliza.

"Sijui. Nitaangalia kabla ya kushuka."

"Na wakiwa hawana?"

"Hatutashuka," Fundi alisema. "Hata mmoja."

Mke akamwuliza anataka kuamshwa saa ngapi.